Kovu la Mzee: programu huria zinavyolinda sura za watu wa Ufipa

Julai Sumbawanga huamka na baridi inayouma vidole. Asubuhi moja ya mwezi huo nilikuwa ndiyo kwanza nafungua studio, mikono ikiwa bado kwenye mifuko ya jaketi, alipoingia dada mmoja aliyejitanda kitenge hadi kichwani. Nilimkumbuka. Miaka minne nyuma nilimpiga picha za harusi yake, kanisani na ukumbini. Safari hii macho yake yalikuwa yamevimba.

“Kaka, baba ametutoka usiku,” alisema. “Naomba ile picha yake aliyokaa peke yake, siku ya harusi yangu. Tunataka kuiweka mbele ya jeneza.”

Nilimpa pole, nikamvutia kiti, nikawasha kompyuta. Picha niliipata upesi. Mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, anatazama kamera kama mtu aliyemaliza kazi kubwa. Niliigeuza skrini ili aione. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

“Ni baba,” akasema, “lakini siye. Kovu lake liko wapi?”

Mzee yule alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Wajukuu walilishika walipopakatwa, na mtaa mzima ulimtambua kwalo. Mimi nilikuwa nimelifuta. Siku zile nilikuwa na mtindo wa kulainisha kila uso kabla ya kukabidhi kazi: madoa, makunyanzi, makovu, vyote vinasuguliwa mpaka ngozi inang’aa kama sahani. Nikimaliza nabonyeza kuhifadhi, juu ya faili lilelile. Sikuwa na nakala nyingine. Dada aliichukua picha hivyohivyo, kwa kuwa mazishi hayangojei, na watu wakamzika mzee wao huku wakiitazama sura niliyoitengeneza mimi.

Ninaandika makala haya kwa sababu ya kovu lile. Wapiga picha wa mkoa wa Rukwa tunapenda kuzungumzia kamera na lenzi. Mara chache tunazungumzia kinachotokea baada ya kubonyeza kitufe: picha inahifadhiwaje, inahaririwaje, na nani atakayeweza kuirudia baada ya miaka 10. Zipo programu za kompyuta, zimetolewa bure na kihalali, ambazo zimejengwa juu ya sharti moja kwamba picha ya asili haiguswi kamwe. Kama ningezitumia siku ile, kovu la mzee lingekuwepo mpaka leo.

Negativu tuliyoitupa

Watu wa umri wangu wanaikumbuka enzi ya mkanda. Ulipiga picha 36, ukautoa mkanda kwenye kamera gizani au kwa uangalifu mkubwa, kisha ukaupeleka “kusafishwa”. Barabara ya Tunduma ilikuwa bado vumbi, na mkanda wa rangi uliweza kusafiri na basi hadi mji mkubwa na kurudi baada ya siku kadhaa. Mteja alipokea bahasha yenye vitu viwili: picha za karatasi, na vipande vya negativu.

Picha zilizagaa, zikapigiwa pini ukutani, zikafifia kwa jua. Negativu ilibaki kwenye bahasha. Mtu akitaka nakala baada ya miaka 20, uliishika kwenye mwanga, ukaipeleka tena ikasafishwe, na sura ikatoka upya. Msafishaji angeweza kuikoza au kuipausha nakala ile apendavyo. Kesho yake mwingine angesafisha kwa namna nyingine kutoka negativu ileile.

Kamera za kidijitali zilipofika, wengi wetu tuliipoteza negativu bila kujua. Tuliziweka kamera zipige kwa JPEG, kwa kuwa faili zake ni ndogo na kadi inabeba nyingi. JPEG ni picha iliyokwisha kusafishwa. Kamera yenyewe imeamua rangi iweje, giza likae wapi, na maelezo gani yatupwe ili faili lipungue. Ukiifungua, ukaibadili na kuihifadhi upya, inabanwa tena na kutupa tena. Kila kuhifadhi ni kukwangua.

Negativu ya kamera ya kidijitali ipo, nayo huitwa faili ghafi. Karibu kila kamera ya kazi inaweza kulitoa, na baadhi ya simu pia, ukiingia kwenye mpangilio wa kitaalamu. Ndani ya kamera, kihisi kimefunikwa na vichujio vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa mfumo wa Bryce Bayer, mtafiti wa Kodak ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Katika kila vituo 4 vya mwanga, 2 hupokea kijani, 1 nyekundu na 1 bluu. Faili ghafi ni orodha ya namba za mwanga uliopokelewa na kila kituo, kabla ya mtu yeyote kuamua ziwe rangi gani. Faili ghafi la biti 14 linaweza kutofautisha ngazi 16,384 za mwanga katika kila kituo. JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Kivuli cha kofia ya mzee, ambacho kwenye JPEG ni doa jeusi, ndani ya faili ghafi mara nyingi bado kina macho na kope zake.

Jiwe linalobaki jiwe

Huku Ufipa tuna mfano wetu wa kuielewa kazi hii. Katika maeneo kadhaa ya uwanda wetu bado yamesimama malungu, matanuru marefu ya udongo ambamo mababu waliyeyusha mawe ya chuma. Profesa Bertram Mapunda, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ametumia miaka mingi kuchunguza ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, na kwa kazi zake tunajua kwamba ilungu lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa chuma safi. Kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kikachomwa tena kwa mivukuto, ndipo mfua chuma akakigonga kuwa jembe.

Faili ghafi ni jiwe la chuma. Kamera hailiyeyushi, hiyo ni kazi yako, kwa hatua, kwa moto unaoudhibiti mwenyewe. Tofauti ni moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Jiwe likishaingia kwenye ilungu, halipo tena. Ukikosea kiasi cha mkaa, umekosa chuma na umekosa jiwe. Programu ninazozisema hapa hutoa jembe, na jiwe likabaki pale lilipokuwa, zima, tayari kuchomwa upya hata mara 100.

Zinafanyaje? Haziandiki chochote ndani ya faili la picha. Nikifungua picha yenye jina DSC_0412.NEF katika programu iitwayo darktable na kuongeza mwangaza, pembeni yake huzaliwa faili dogo la maandishi, DSC_0412.NEF.xmp. Picha ina megabaiti 25 au zaidi. Faili lile la pembeni lina kilobaiti chache tu. Ndani yake kumeandikwa nilichokiagiza: ongeza mwangaza kiasi hiki, sogeza rangi upande huu, kata ukingo hapa. Programu nyingine, RawTherapee, hufanya vivyo hivyo kwa faili la mwisho wa .pp3, na hilo ukilifungua kwenye programu yoyote ya maandishi utajisomea mwenyewe: kifungu cha mwangaza, chini yake namba 0.66, kifungu cha ukali, chini yake namba zake. Ni kama maelekezo ya mapishi yaliyoachwa juu ya gunia la mahindi. Kila ufunguapo picha, programu husoma maelekezo na kukupikia mbele ya macho. Gunia halijapungua hata punje.

Ukitaka kumpa mteja picha, unaiambia programu itoe JPEG mpya. Hiyo ndiyo nakala ya karatasi. Ikipotea, ikififia, ikibanwa na WhatsApp mpaka iwe ukungu, unatoa nyingine.

Bibi mlangoni pa kanisa

Nichukue picha moja. Mwaka jana, baada ya misa ya kipaimara, nilimpiga bibi mmoja akiwa amesimama mlangoni pa kanisa. Amevaa kitambaa cheupe kichwani, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa, jua la saa tano limeupiga ukuta ule sawasawa. Kamera ikiona weupe mwingi kiasi hicho hudhani kuna mwanga uliozidi, nayo huipunguza picha nzima. Ukuta ukatoka vizuri. Uso wa bibi ukatoka mweusi tii, macho hayaonekani.

Nililiingiza faili ghafi kwenye darktable. Programu hiyo ina kurasa mbili kuu, na majina yake yanatoka kwenye studio za zamani: meza ya mwanga, ambapo unazitandaza picha zote na kuchagua, na chumba cha giza, ambapo unaisafisha moja moja. Jina la programu lenyewe limeunganisha maneno hayo mawili.

Kwanza nilirekebisha weupe. Nilichagua kipande cha kitambaa chake, nikaiambia programu kwamba hiki ndicho cheupe cha kweli. Ule ubluu wa kivuli cha mlango ukaondoka usoni. Pili niliongeza mwangaza mpaka uso ukafunguka. Ukuta sasa uliwaka kupita kiasi, kwa hiyo hatua ya tatu nilitumia moduli, yaani zana mojawapo ya programu, inayopanga upya mwanga mkali ili uingie ndani ya kile ambacho skrini na karatasi vinaweza kuonyesha. Michirizi ya chokaa ikarudi. Nne, nilizungushia mstari eneo la uso peke yake na kuongeza mwanga kidogo tu, kingo zikiwa laini, ili lisionekane kama doa la tochi. Tano, nilipunguza chembechembe, zile nukta zinazochafua picha. Kamera nyingi zimekwisha kupimwa na watumiaji wa programu hii, kwa hiyo inajua kamera yangu hutoa chembechembe za namna gani katika kila kiwango cha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga. Sita, lenzi: mlango uliokuwa umepinda kama upinde ukanyooka.

Upande wa kushoto hatua zote hizo zimepangwa kama ngazi. Nikibonyeza ngazi ya pili, picha inarudi ilivyokuwa wakati ule. Nikibonyeza ya chini kabisa, narudi kwenye mlango wenye bibi asiyeonekana uso. Kisha nikatengeneza toleo la pili la picha hiyohiyo, nyeusi na nyeupe, kwa ajili ya kalenda ya parokia. Matoleo mawili, jiwe moja; kilichoongezeka kwenye diski ni yale maandishi machache.

Bibi alipoiona ile ya rangi alicheka, akaniuliza kama kweli kitambaa chake kilikuwa cheupe kiasi kile. Kilikuwa hivyo.

Ngozi yetu na vipimo vya wengine

Niseme wazi jambo linalonikera. Tembelea kuta za studio zetu uone mabibi harusi. Wengi wamekuwa weupe kuliko walivyozaliwa. Programu za kupendezesha uso, za simu na za kompyuta, hulainisha na kupausha kwa mguso mmoja, na sisi tumeyazoea matokeo yake mpaka mteja anayaomba.

Tatizo hili lina historia ndefu kuliko simu. Kwa miongo kadhaa, maabara za picha za rangi zilipima mashine zao kwa kadi zilizoitwa za Shirley, zenye sura ya mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imepimwa vizuri. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo, na picha zetu za zamani zinaonyesha: meno na macho, kisha giza. Wachunguzi wa historia hiyo wanaeleza kwamba Kodak ilishughulikia rangi za kahawia kwa bidii zaidi baada ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao kulalamika kwamba bidhaa zao hazitokei sawasawa.

Faili ghafi linakurudishia uamuzi huo mkononi. Hakuna aliyekwisha kuamua ngozi ya Mfipa iwe ya rangi gani. Bibi harusi mwenye shela jeupe na uso wa kahawia iliyoiva ni mtihani mgumu kuliko yote kwa mpiga picha, na kwa JPEG utapoteza kimojawapo. Kwa faili ghafi, ukipiga bila kuunguza shela, uso unaweza kuunyanyua baadaye kwa rangi yake ya kweli: ule wekundu mzito wa shavu, ule mng’ao wa mafuta kwenye paji. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Inamheshimu mtu.

Mwanga wa uwanda

Mkoa wetu ni mzuri na mgumu kupigwa picha. Nenda Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, ambako maji huanguka kwa mkupuo mmoja zaidi ya mita 200. Jua likiwa juu, maji ni meupe ya kuumiza macho na korongo chini ni jeusi. Kamera ikipiga JPEG, maji yanakuwa kitambaa kisicho na mikunjo au korongo linakuwa shimo la wino. Simama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, Septemba, utazame chini bonde la Ziwa Rukwa. Vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vimelifunika ziwa, na picha inatoka kama imepigwa nyuma ya chandarua. Ingia msitu wa Mbizi, juu ya mji, kuwafuata mbega wekundu. Chini ya miti mwanga ni haba, unapandisha ISO, picha inajaa chembechembe.

Yote matatu yana dawa ndani ya programu hizi. Kuna moduli ya kuondoa ukungu, ya kupanga mwanga mkali na kivuli, ya kusafisha chembechembe bila kufuta manyoya. Dawa hizo hufanya kazi vizuri pale tu palipo na namba za kutosha za kufanyia kazi, na namba hizo ziko kwenye faili ghafi.

Waliozitengeneza

Msomaji atauliza: kitu kizuri hivi, bure, kinatoka wapi?

Mwaka 1997 Mmarekani Dave Coffin alianza kuandika programu ndogo, dcraw, kwa sababu watengenezaji wa kamera walikuwa wanafunga mafaili ghafi kwa namna zao wenyewe na kila kampuni ikataka usome kwa programu yake. Alizifumbua kamera moja baada ya nyingine, akaitoa kazi yake kwa watu wote. Mwaka 2004, Gábor Horváth wa Hungaria alianza RawTherapee. Januari 2010 akaifungua kwa umma chini ya leseni ya GPL. Mwaka 2009 Johannes Hanika, Mjerumani, alianzisha darktable. Leo programu hizo hutunzwa na watu wa nchi nyingi, wengi wao wakijitolea jioni baada ya kazi. Darktable hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na karibu na Krismasi, na hufanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac.

Leseni ya GPL ndiyo mkataba wenyewe. Inasema una haki ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, hata ya biashara. Una haki ya kuuona msimbo wake na kujifunza. Una haki ya kuigawa. Una haki ya kuibadili. Sharti ni kwamba ukiigawa, na uliyempa apate haki hizohizo. Waswahili tunaziita programu huria, na neno hilo limekaa vizuri. Ubure wa bei ni tunda tu. Mzizi ni uhuru wa mtumiaji.

Uhuru huu una maana ya pekee kwa mji kama wetu. Wapiga picha wengi tumefanya kazi kwa programu zilizokrakiwa, zinazopita kwa flashi kutoka duka hadi duka, mara nyingine na virusi ndani yake. Mimi ni mmoja wao. Ile iliyofuta kovu la mzee ilikuwa hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyozilinda picha zetu. Hatuwezi kulalamika kwamba picha zetu zinachukuliwa mitandaoni bila idhini huku kompyuta zetu zinaendeshwa na kazi ya wizi. Njia ya kulipia ipo, lakini kwa miaka mingi kifurushi cha wapiga picha cha Adobe kiligharimu karibu dola 10 kila mwezi, kwa kadi ya benki, na msimu wa masika harusi hazipo. Kwa programu huria, mmoja wetu akiishusha kwa bando lake, anaweza kuwagawia wenzake wote kwa flashi, mchana kweupe, na leseni inamruhusu.

Ugumu upo

Sitamdanganya mtu. Siku ya kwanza darktable inachosha. Moduli ni nyingi, nyingine zina majina ya kihandisi, na mtu aliyezoea kugusa kitufe kimoja atahisi amewekwa kwenye kiti cha rubani. Nilihitaji wiki kadhaa kuelewa kwamba kwa picha nyingi moduli tano au sita zinatosha, na zilizobaki zinaweza kusubiri.

Kompyuta nayo. Laptopu ya zamani yenye memori ya gigabaiti 4 itafungua programu lakini itakufanya usubiri. Gigabaiti 8 ni afadhali zaidi. Nafasi ni suala jingine. Harusi moja yenye picha 800 kwa megabaiti 25 ni gigabaiti 20, kwa hiyo diski ya nje si anasa, na zinafaa ziwe mbili, moja isikae studio. Mafaili madogo ya pembeni yahifadhiwe pamoja na picha zake. Ukiyaacha, jiwe unalo lakini maelekezo yamepotea.

Lipo pia suala la lugha. Mimi naitumia darktable kwa Kiingereza, na vijana ninaowafundisha hukwama kwenye maneno kabla ya kukwama kwenye kazi. Hili tunaweza kulitatua wenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ya kampuni. Maneno ya kazi yetu tayari tunayo: kusafisha, negativu, kukoza, kupausha, kuungua, chembechembe. Walimu wa TEHAMA na wapiga picha wakikaa meza moja, menyu ya Kiswahili ni kazi ya miezi, wala haimshindi mtu.

Kwa anayetaka kuanza Jumamosi hii, ushauri wangu ni mfupi. Weka kamera ipige faili ghafi pamoja na JPEG kwa wakati mmoja. JPEG utamkabidhi mteja mwenye haraka, faili ghafi litabaki nawe. Shusha RawTherapee au darktable. Chukua picha moja tu unayoipenda, ya mtu unayemjua uso wake, uisafishe mpaka afanane na alivyo. Usianze na harusi ya mtu.

Kovu lingine

Msimu huu wa mavuno, mahindi yakiwa bado yanaanikwa uani, alikuja binti anayejiandaa kwa sendofu yake. Ana alama ya moto shavuni tangu utotoni. Aliniomba, kwa sauti ya chini, niiondoe kwenye picha zote.

Niliiondoa. Siku yake ni yake, na uso ni wake. Kazi yangu si kumhubiria. Kwenye chumba cha giza niliweka moduli ya kufuta madoa, nikazungushia alama ile, ngozi ya jirani ikaifunika. Nikatoa JPEG, nikamkabidhi kwenye flashi, akaondoka akitabasamu.

Mbele ya jina la moduli ile kuna kitufe kidogo cha kuwasha na kuzima. Binti alipokwisha kuvuka barabara nilikizima mara moja, nikitazama. Alama ikarudi mahali pake, nyekundu kidogo ukingoni, na nywele mbili tatu zimeiangukia. Nikakiwasha tena, nikahifadhi, nikaandika jina la ukoo na tarehe kwenye folda, nikanakili kwenye diski zote mbili. Siku yoyote yeye mwenyewe, au mtoto wake, akija kuuliza alikuwa anafananaje, jibu lipo.

Ya mzee sina. Lile faili lake bado nimelihifadhi, na kila toleo jipya la programu linapotoka hulifungua na kutazama juu ya jicho la kushoto. Pale pamelainika, pana rangi moja, na hakuna namba yoyote chini yake.